Nilivyomtafuta Yohana wa Lupa Kisiwani Unguja

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila nilipoanza kujibu alitokea mwingine akanirukisha mbele kwa swali lake, mpaka habari imebaki vipande, na baadhi ya vipande nasikia vimekwisha kugeuka. Wapo wanaosema nilimkuta Yohana hai. Wapo wanaosema nimesilimu. Basi nimekaa niiandike safari yangu kama ilivyokwenda. Haikwenda sawa, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Kwa vijana waliokuja hapa Lupa baada yake: Yohana Mwakisu alikuwa mchimbaji kama sisi. Alishuka mashimoni, alipepeta mchanga mtoni, akalala njaa tulipolala njaa. Lakini alikuwa na sauti. Akisimama juu ya pipa na kusema, watu wa kambi ya pili waliacha kazi wakasikiliza. Tulimfanya mdomo wetu mbele ya Bwana DC, na siasa za chama zilipofika huku kwetu yeye ndiye aliyezipokea. Tukamtuma pwani akaonane na wakubwa wa chama, awaambie habari za mashimo yetu na vifo vyetu. Akaenda. Hakurudi, wala hakuleta neno. Wengine walisema amenunuliwa, anakaa ghorofani. Mwaka huu akapita fundi cherehani mmoja, akasema, "Yule Yohana wenu amefariki Unguja. Kazikwa shamba, Kizim nini sijui."

Tulikaa kikao, mnakumbuka mabishano yake. Mwisho wakubwa walisema, awe alitusahau au hakutusahau, alitusemea, naye hawezi kulala ugenini kama mtu asiye na watu. Fundi Seme akachonga msalaba wa mninga, akaandika jina kwa chuma cha moto. Herufi zake zilikuwa kubwa mno, kwa hiyo ilipatikana nafasi ya YOHANA tu, Mwakisu ikakosa pa kukaa. Mimi nikachaguliwa niupeleke, kwa sababu nilishika naye kamba moja shimoni, na nikafundishwa hotuba ya kusema kaburini.

Kutoka Lupa hadi baharini

Nilipanda lori lililobeba mapipa matupu, nayo yaligongana njia nzima hata dereva na mimi tukawa tunazungumza kwa mikono. Rungwa daraja lilikuwa limekatika. Tulikaa pale tukingoja mafundi, tukala uji kwa asali ya porini, asali nzuri sana, mpaka nikachoka nayo. Msalaba niliufunga kwenye gunia, na watu wa Rungwa, ambao ni wawindaji, waliamini nimebeba bunduki ya tembo. Wanaume wawili walinifuata kila nilipokwenda wakiomba niwachukue wawe wachukuzi wangu. Niliwaambia ni msalaba. Wakacheka, wakasema kila mwindaji wa magendo ana jina lake la bunduki.

Itigi nikapanda gari la moshi. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kigogo mwenye karanga. Aliniuliza mzigo ule ni nini, na safari hii niliaminiwa. Akafungua kanga yake ya pili akaizungusha juu ya gunia, akasema marehemu asipigwe vumbi. Aliposhuka Morogoro hakuitaka kanga yake. Sikujua kama aliisahau au aliitoa, nikaitupia macho mpaka Dar es Salaam.

Bahari sitaisimulia. Niliingia melini nikiwa mtu mzima, nikashuka kama kitambaa kilichokamuliwa.

Mjini

Pale forodhani bwana mmoja mwenye miwani aligonga gunia langu kwa kalamu.

"Nini hii?"

"Msalaba, bwana."

"Wa kuuza?"

"Hapana. Wa marehemu."

"Marehemu yuko wapi?"

"Sijui, bwana. Ndiye ninayemtafuta."

Akanipungia mkono nipite.

Nikaingia katika vichochoro vya mji ule. Nyumba zimesogeleana hata jua halifiki chini, na kila njia inageuka kabla hujajua inakwenda wapi. Nilitembea sana, nikajikuta tena mbele ya mlango ule ule wenye misumari ya shaba nilioanzia. Barazani walikuwa wamekaa watu watatu wanakula mkate wa ufuta na samaki wa kukaanga. Mmoja akaniambia, "Karibu." Nilikuwa na njaa, nikashukuru, nikaweka mzigo wangu chini, nikakaa, nikala. Walinisogezea sahani bila neno. Walinimiminia na chai. Tulipomaliza nikawaaga, wakaniitikia vizuri kabisa. Baadaye mama niliyefikia kwake aliniambia kuwa pale mjini mtu anayekula humkaribisha kila apitaye, na apitaye hujibu "Ahsante, nshakula," akaenda zake. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, ingawa samaki yule sitamsahau.

Mama huyo ni Bi Tatu. Watu wa bara niliowakuta bandarini ndio walionielekeza kwake, ng'ambo ya mji, kwenye nyumba za makuti na bati. Wazee wake walitoka Manyema, yeye amezaliwa pale pale, na kila asubuhi huuza vitumbua mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mbona umebeba nira, na ng'ombe huna?"

Nikamweleza kuwa ni msalaba, na kwamba nimekuja kumheshimu mwanasiasa wa kwetu aliyefariki.

Akaweka chini mwiko wake. "Neno hilo la siasa usiliseme barabarani. Siku hizi hapa ukisema siasa watu watakuuliza wa upande gani, na ukijibu upande wowote umekosea."

Sikumsikia vizuri, au nilimsikia nisielewe. Jioni ile ile nilikwenda kunywa kahawa, na muuzaji aliponiuliza kilichonileta nikajibu. Maongezi yakakatika. Mzee mmoja akauliza, "Mwanasiasa wa chama gani?" Nikasema wa wachimbaji. Akasema hakijui chama hicho. Mwingine akasema anakijua, na kwamba ni jina la kujifichia. Wakaanza kubishana wao kwa wao kama mimi ni wa hawa au wa wale. Kahawa yangu ikapoa. Nilirudi kwa Bi Tatu bila kujua niliingizwa chama gani.

Kesho yake nilikwenda kanisani Mkunazini. Mwalimu wa pale alinipokea vizuri, akaulizia kwa wenzake na kwa watunza makaburi. Hakuna Yohana wa Lupa aliyezikwa na Wakristo wa mjini. Nilimwambia nilisikia jina la kijiji linaloanza na Kizim. Yeye na Bi Tatu, bila kuonana, wakanipa jibu moja: "Kizimbani."

"Ni shamba la serikali la mikarafuu," Bi Tatu alisema. "Watu wa bara wamejaa huko, na Wakristo wamo. Kama Yohana wako hayuko huko, basi mie sijui."

Kizimbani

Gari la shamba lilitoka Darajani, na njia haikuwa ndefu. Kabla sijaona mkarafuu wowote nilisikia harufu yake. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi uwanja mzima, nyingine mbichi, nyingine zimekwisha kuwa kama misumari midogo, na wanawake wanazigeuza kwa miguu. Harufu ilinikaa kooni hata maji yakawa na ladha ya dawa ya meno.

Nilimuulizia Yohana kwa mtu wa kwanza aliyesema Kiswahili cha bara. Jina lake Komba, mtu wa Songea, mpana wa mabega, mpole. Mazungumzo yetu nawaandikia yote, kwa sababu mtaniuliza nilikosaje.

"Namtafuta Yohana, mtu wa bara, amefariki karibuni."

Uso wake ukabadilika. "Yohana wetu. Ndiyo. Amefariki."

"Alikuwa mchimbaji?"

"Mchimbaji hasa. Hakuna aliyemshinda."

"Na msemaji?"

"Ee, bwana. Yohana hakunyamaza. Hata juu ya mti alikuwa anasema."

Mngefanya nini? Nilishusha mzigo wangu. Nilisema nimetumwa na wachimbaji wenzake, nimeleta msalaba wake. Komba alikaa chini, akashika kichwa. Akasema, "Ana watu," akalirudia neno hilo.

Kaburi lilikuwa pembeni mwa shamba, chini ya miti ya mdalasini. Kifusi tu cha udongo mwekundu kilichoanza kuota majani. Komba alikwenda kwa msimamizi akawaombea ruhusa wenzake, nao wakaja na nguo za kazi, wanaume kwa wanawake, Wakristo na Waislamu. Tulichimba, tukausimamisha msalaba, tukashindilia mawe. Mwanamke mmoja akaweka maua meupe. Nikavua kofia, nikasema hotuba niliyofundishwa. Nilisema Yohana alisimama mbele ya wakubwa wakati sisi tunatazama miguu yetu. Nilisema alitusemea sisi wa chini ya ardhi. Nilisema jina lake halitapotea maadamu kuna mtu anayeshika sururu. Watu walilia. Na mimi nililia, nikaona mzigo niliotoka nao Lupa umenitoka.

Tulirudi kwenye nyumba za wafanyakazi, wakatuwekea muhogo wa nazi. Komba alikuwa anamega, anatikisa kichwa.

"Lakini Yohana alikuwa msiri," alisema. "Tumekua kijiji kimoja, tumekuja Unguja melini pamoja, hatukuachana. Hakuwahi kuniambia kwamba alifika kwenu Lupa."

Mkono wangu ulisimama hewani na muhogo wangu.

"Alichimba nini?" nikauliza.

"Mashimo ya miche. Miche ya mikarafuu. Mpaka siku ile alipopanda kuchuma, tawi likakatika."

 Walioketi karibu waliacha kula, wakanitazama, kisha wakamtazama Komba. Yeye alielewa kabla sijasema. Alinawa mikono, akainuka, akasema taratibu, "Basi msalaba si wetu. Ngoja nikuletee jembe."

Tukarudi kaburini wawili tu, Komba na jembe begani. Msalaba ulikuwa umesimama sawasawa, na jina YOHANA limesomeka vizuri, na maua bado hayajanyauka. Niliutazama, nikaona nikiung'oa ni mwizi, na nikiuacha ni mwizi vile vile, nimewaibia ninyi mlionituma. Komba alisimama upande wa pili. Hakuniharakisha.

"Siku tuliyomzika," alisema, "mvua ilikuwa kubwa. Hakuna aliyemsemea. Tulimfukia tukakimbia."

Nilimwambia arudishe jembe. Hapo ndipo msalaba wenu ulipo, na mwenye kutaka kunilaumu anilaumu mimi. Nilipokuwa nangoja gari Komba aliniletea mfuko wa karafuu, akaniambia, "Nimefikiri. Kuna na Kizimkazi, kule kusini. Lakini kule ni Waislamu watupu. Mkristo atazikwaje kule?"

Njia ya kusini

Bi Tatu aliposikia habari za Kizimbani alifunika uso kwa upindo wa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia. Akasema, "Nenda huko Kizimkazi. Ukirudi kwenu bila kwenda, utaota kila siku."

Basi la kusini lilikuwa limejaa madebe, mikeka na wanawake waliotoka mjini kununua vitambaa. Katikati ya njia gurudumu likapasuka, na utingo akagundua kwamba la akiba nalo limepasuka tangu juzi. Tulishuka. Mtu mmoja akaondoka kwa miguu kwenda kuazima. Nchi ile si kama ya mikarafuu. Udongo ni haba, mawe yamejitokeza makali kama meno, na vichaka vimeota juu ya mawe. Nilikuwa mikono mitupu sasa, na kila mara nikashituka nikidhani nimeusahau msalaba mahali.

Ilipofika alasiri abiria walitawadha kwa maji ya dumu, wakajipanga kuswali kando ya barabara. Mwanamume aliyekuwa kando yangu alinionyesha nafasi safuni. Nikatikisa kichwa. Akadhani sijatawadha, akaniletea dumu. Nikatikisa kichwa tena, nikasema mimi Mkristo. Akasema, "Haya, basi tuangalizie mizigo," na watu wote wakaniachia vitu vyao, hata mama mmoja aliniachia mtoto mchanga. Nilimpakata mpaka walipomaliza.

Niliposhuka njia panda nilitembea mpaka Kizimkazi. Nikauliza habari za Yohana. Hawamjui. Nikauliza habari za Mkristo yeyote aliyefariki. Wakatazamana. Nikauliza, mtu wa bara? Hapo mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza dema lake la kutegea samaki akasema, "Labda Yahya Bara. Yule msokota kamba."

Sikumtaka Yahya. Nilikwisha kumsemea mtu asiye wangu, sikuwa na nguvu ya kumsemea mwingine. Lakini basi la kurudi lilikuwa limekwenda, kwa hiyo nikamfuata yule mvuvi mpaka nyumbani kwa marehemu.

Kizimkazi

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, na barazani palikuwa na mafungu ya makumbi ya nazi yaliyopondwa. Alitoka mtu mmoja anayechechemea, Bwana Makame, akaniamkia kwa heshima. Alisema marehemu Yahya alikuwa mume wa dada yake, Bi Mwanakombo, na kwamba dada yake bado yumo edani, hawezi kuonana na mwanamume mgeni. Lakini naweza kukaa barazani, naye akae nyuma ya mlango, tukasemezana.

Basi tukakaa hivyo. Mlango uliachwa wazi kidogo, pazia limeshuka. Sikuuona uso wake hata mara moja. Alikuwa na sauti ya chini, na alipojisahau alisema Kikae cha kwao, maneno yakawa yananipita, Makame akawa ananifafanulia. Waliniletea pweza wa nazi na ugali wa mtama, wakanilazimisha nile kwanza.

Nikaanza tena, kwa woga. "Ninayemtafuta aliitwa Yohana."

"Wangu Yahya," sauti ikajibu.

"Majina hayo ni mamoja," Makame akasema. "Nyinyi mwasema Yohana, sisi twasema Yahya. Mtume yule yule."

Hilo sikulijua. Nikakaa sawa. "Wetu alikuwa msemaji mkubwa. Alisimama juu ya pipa akasikiwa kambi ya pili."

 Kisha sauti ikasema, "Basi siye. Mume wangu alikuwa hana sauti. Akinong'ona tu. Mie mwenyewe nlikuwa nnamtazama mdomo ndiyo nnamfahamu. Pole, baba. Umepotea njia."

Nilitaka kuinuka. Nilichoka kuliko nilivyochoka melini. Makame alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu jambo, akasema, "Kaa. Huyo wenu alikuwa na kawaida gani nyingine?"

Nikafikiri. Kuimba hakuimba, pombe hakunywa sana. Sikupata la maana. Ni yule mwanamke nyuma ya pazia aliyesema, nusu anajisemea, "Wangu alikuwa analamba mawe."

Nikamwomba aseme tena.

"Akipita njiani anaokota jiwe, analilamba, analitazama juani, analitupa. Watoto walikuwa wakimcheka. Nlimuuliza, akasema ni mazoea."

Rafiki zangu, hapa Lupa nani halambi mawe? Jiwe kavu halitoi siri yake, ukililowesha kwa ulimi ndipo unaona kama lina mshipa wa dhahabu. Nilijifunika uso kwa mikono. Makame akaniuliza, "Ndiye?" Nikamwambia, "Ndiye."

Ndipo Makame akanipa habari yenyewe. Yohana alipofika Dar es Salaam kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika, kile kifua chetu cha vumbi. Akavuka kuja Unguja na wanasiasa wengine kusikiliza mikutano, na siku ya kusema yeye, akafungua mdomo haikutoka sauti. Wakamlaza hospitali. Kitanda cha jirani alilala Makame na mguu wake. Walipotoka, mmoja anachechemea na mwingine ananong'ona, Makame akamchukua kwao apumzike hewa ya bahari. Akapumzika, hakuondoka. Kuvua hakuweza. Alisokota kamba za nazi pamoja na wanawake, akasilimu, akaoa.

"Kwa nini hakutuletea habari?" niliuliza. "Tulimngoja."

Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Alisema ndiyo sababu. Alisema huko kwao kuna watu wanamngoja aseme, naye hana cha kusemea."

Makame alinipeleka makaburini. Lilikuwa kaburi kama mengine, mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni. Makame akainua mikono akasoma Fatiha. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilivua kofia, nikakumbuka kwamba wao huvaa, nikaivaa, nikaivua tena. Nikasema Baba Yetu moyoni. Hotuba haikunijia. Nilikwisha kuitumia kwa mwingine.

Tuliporudi barazani Bi Mwanakombo alituita kupitia pazia. Alisema, "Baba, wewe ulimsikia. Mie sikumsikia hata siku moja. Alikuwa anasemaje?"

Nilimwambia alisema habari za mashimo, za kamba mbovu, za malipo.

"Sikuulizi habari gani. Nnauliza alikuwa anasemaje."

Nikaelewa, nikaogopa. Mimi si msemaji. Lakini mjane wake alikuwa nyuma ya pazia anangoja, basi nikasimama juu ya baraza, nikaweka mkono mmoja kiunoni kama alivyoweka Yohana, nikatoa sauti yake. Nilisema yale aliyosema siku tulipowatoa wale vijana wanne chini ya kifusi. "Ndugu zangu, dhahabu inapimwa kila jioni. Nani anatupima sisi? Tunaingia ardhini tukiwa hai, na bwana mkubwa anatuuliza tumetoka na nini. Haulizi tumetoka wangapi." Nikaendelea mpaka mwisho, na mahali alipokuwa akinyamaza nilinyamaza, na mahali alipokuwa akishuka sauti kisha kuipandisha nilijaribu. Majirani walitoka nje. Wavuvi waliacha nyavu. 

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Ilikuwa nene hivyo?" aliuliza.

"Nene kuliko hii, mama. Mimi nimeiga tu."

"Ahsante," alisema. Nikasikia anainuka, anakwenda ndani.

Makame aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wataniandalia kitanda.

Nyumbani

Njia ya kurudi haikuwa na mambo, isipokuwa kanga ya yule mama wa Kigogo. Gari la moshi liliposimama Morogoro nilimtafuta dirishani, sikumwona. Nimekuja nayo, sijui niifanye nini.

Mlinikuta mimi si wa kuongea. Nilitaka nianze kwa mama yake Yohana, Bibi Tusekile, kabla sijamwambia mtu mwingine. Mnajua ilivyo kumwambia yeye kitu: masikio yake yameziba siku nyingi, lazima uiname upige kelele, na ukipiga kelele kwake mtaa mzima umeambiwa. Ndiyo sababu wengi wenu mmesikia nusu nusu kutoka uani kwake.

Nilipiga kelele kwamba mwanawe amezikwa vizuri. Akaitikia kwa kichwa. Nikapiga kelele kwamba ameacha mke, Mwanakombo. Akalijaribu jina lile mdomoni, akalikosea, nikamrekebisha, akalipata. Nikapiga kelele kwamba alikufa Mwislamu. Hapo alitazama chini, akavuta shuka lake. Kisha akaniuliza, "Walimwosha?" Nikasema walimwosha, wakamvisha nguo nyeupe. Akasema, "Haya."

Halafu akauliza swali ambalo nililiogopa tangu Kizimkazi. Kwa nini hakurudi?

Nikainama mpaka sikioni. "Alipoteza sauti, bibi. Kifua kiliharibika, sauti ikaisha kabisa. Aliona haya kurudi bila sauti."

Hakunisikia. Nikarudia, kwa nguvu zaidi, na watu uani wakageuka. Safari hii alisikia. Alinitazama usoni kama anayetafuta mahali nilipokosea kuyapanga maneno.

"Kwa ajili ya sauti?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nina miaka sijasikia sauti ya mtu," alisema. "Angerudi tu."